Mwezi wa Da Mize

Hakuna mtu wa Mtondooni, aliye hai wala aliye kaburini, anayeujua mwezi kama mimi. Nimeukanyaga kwa miguu hii hii yenye magaga. Nimeufagia, nimeupikia, nimeulalia. Na siku niliyofika nilishuka kwenye chombo, nikashika kamba ili nisirukeruke, nikatazama juu, nikatazama kulia na kushoto, halafu nikamwuliza Haroub mwezi uko wapi.

Haroub ni mtoto wa dada yangu Mize, na ndiye aliyekuja kunipokea. Hakucheka. Mize kamlea vizuri. Alininyooshea kidole chini, kwenye viatu vyangu.

Chini palikuwa na lami. Nasema lami kwa kuwa sina neno jengine: vumbi jeusijeusi, rangi ya barabara ya zamani iliyopaushwa na matairi, limetanda mpaka macho yanapoishia. Hapakuwa na fedha, hapakuwa na maziwa, hapakuwa na chochote katika vile vitu wanavyoimbiwa mabibi harusi. Kama kuna bwana aliyewahi kumwambia mkewe ana uso kama mwezi, basi alimtukana, na mimi nimekwenda kuhakikisha.

Nilisimama pale kwa muda, ndani ya vazi lile la kunifanya nionekane kama mtungi. Si kwamba nilisikitika. Nilihisi kama mtu aliyekwenda kumwona tajiri nyumbani kwake akakuta ukuta mmoja na mlango. Na aibu kubwa zaidi ilikuwa ndani ya begi langu. Kampuni ilipotuambia mizigo itapimwa, niliacha fulana za baridi, nikabeba pazia la kaniki, zito, la kuziba dirisha. Nilikuwa nimejiuliza, mtu analala vipi ndani ya taa?

*

Kampuni iliniajiri kwa sababu mafundi wake walikuwa wamegoma kula chakula cha kukamua kwenye mrija. Haroub akawaambia ana mama mdogo anayeweza kupika kitu chochote isipokuwa fitina, na hiyo nayo akipewa moto mdogo. Wakanipima moyo, wakanipima mapafu, wakashangaa umri, wakanipitisha. Magoti hawakuyapima. Huku mtu anabaki na sehemu ya sita tu ya uzito wake, kwa hiyo magoti yalifurahi kabla yangu.

Jiko lenyewe lilikuwa dogo, lenye kidirisha kimoja kinene, na lilikuwa na tabia zake. Mafuta yalichemka polepole kama yanayofikiri. Unga ukitimka ulikaa juu, ukielea, hauna haraka ya kushuka, ndiyo maana jikoni kwangu watu walipiga chafya hovyo na kumshukuru Mungu, na wenzao kuwaitikia Yarhamukallah, kuliko msikitini.

Huko jikoni ndiko Haroub alikonifundisha. Nilikuwa nimemsumbua wiki nzima. Nilimwambia Kampuni imetushusha mahali pengine, mwezi wenyewe uko mbele kidogo, kwa maana huu wa miguuni hauwezi hata kumwangazia kuku. Akaja na tochi. Akachukua sufuria langu kubwa, lile lililoshika masizi tangu majaribio ya jiko la kwanza, akalitundika ukutani kitako kikitutazama, akazima taa zote. Mkono wangu mwenyewe sikuuona. Kisha akaliwashia tochi.

Nikauona mwezi. Wallahi niliuona, umening'inia jikoni kwangu, mviringo, wa kijivu kinachong'aa, na mabaka yake. Nikarudi nyuma nikagonga rafu, vikombe vikashuka taratibu kama manyoya.

Alinieleza kwamba sufuria halina taa. Kinachong'aa ni tochi. Sufuria linaturudishia kidogo tu, na masizi kama masizi, kinachorudi ni kidogo sana. Lakini kwa kuwa pembeni yake kote ni giza, hicho kidogo kinatosha kumduwaza mtu. Jua ndilo tochi, mwezi ndio sufuria, na watu walio chini usiku ndio waliokaa gizani wakitazama. Mchana hata sufuria likiwepo hawalishughulikii, kwa sababu anga yote imejaa mwanga. Na wakiona kipande chembamba, akasema, huku akizunguka na tochi mpaka ikawa karibu nyuma ya sufuria, ni kwa sababu jua linaupiga mwezi kwa nyuma na kushika ukingo peke yake. Nikaona uzi mwembamba wa mwanga pembeni mwa masizi yangu. Hilali.

Haya shuleni nilifundishwa. Mwalimu wa darasa la nne alituandikia ubaoni kuwa mwezi hauna mwanga wake, huakisi wa jua. Nikanakili, nikapewa vema kwa wino mwekundu, na sikuamini hata neno moja. Ilibidi nirushwe mpaka hapa nikaoneshwe kwa sufuria langu mwenyewe.

*

Sasa, mtu akishajua kuwa mwezi ni sufuria, anaweza kulifanyia mambo. Kampuni ilikwishalifanyia. Ilitandika majamvi.

Mafundi ndivyo wanavyoyaita: paneli za sola nyembamba, nyeusi tititi, zinakunjuliwa juu ya vumbi kama jamvi la shughuli, zinakunywa jua na kupeleka umeme duniani. Vumbi hurudisha mwanga kidogo. Jamvi halirudishi kitu. Walipotandika bonde la kwanza hakuna aliyeona. Walipoendelea, watu wa duniani wakaanza kusema mwezi umefubaa, kama uso uliopakwa mkaa. Kelele zikawa nyingi, mabunge yakakaa, Kampuni ikaamriwa irudishe ilichochukua.

Ndipo vikaja vioo. Kambi yetu iko ukingoni, yaani kwenye ule mzingo wa mwezi anaouona mtu aliye duniani. Hapo vilipandwa vioo safu kwa safu, kila kimoja kama paa la nyumba kubwa, vyenye injini za kuvigeuza. Hilali ikianza, vinalazwa kidogo, vinapokea jua kwa nyuma na kulitupa duniani, ili ukingo ung'ae kama ulivyong'aa zamani. Kama zamani, si zaidi, wala si mapema zaidi. Hiyo ndiyo sheria. Mtu wa kuvigeuza alikaa kwenye meza ya vitufe nje ya mlango wa jiko langu, na mtu huyo alikuwa Haroub. Kabla ya hapo alikuwa fundi wa majamvi.

Na mwezi, kwetu Mtondooni, si jambo la kupamba anga. Miji mingine ilikwishaamua kufuata hesabu za mitambo. Sisi na miji mingi ya pwani tuling'ang'ania jicho. Jioni ya ishirini na tisa anapanda mtu mmoja juu ya dari ya nyumba ya bibi yetu, peke yake. Hapandi mwengine, asije mmoja akasema naona na waliobaki wakaona kwa kumstahi. Mji unanyamaza, redio zinazimwa, hata watoto wanazibwa midomo kwa tende. Akishuka na kusema ameona, pembe inapulizwa. Akisema hakuona, haulizwi mara ya pili. Bibi alikuwa jicho, kisha mama, kisha dada yangu Mize. Mimi sikufikiriwa kabisa. Walijua nikishinda na njaa naweza kuona mwezi hata kwenye sinia.

Huku kambini Waislamu tulikuwa wachache, na shida yetu ilikuwa ya kuchekesha: mwezini hakuna mwezi wa kuandama. Tukakubaliana tufuate Mtondooni. Mize akiwa bado yuko juu ya dari, kabla hajashuka kwa shekhe, alikuwa akitupigia simu sisi. Alisema ndiyo adabu, wenye nyumba hubishiwa hodi kwanza.

*

Siku ya ishirini na tisa ya Shaabani, asubuhi, Haroub aliniambia nisihangaike na daku. Mwezi ulikuwa mchanga mno, jicho lolote lisingeuona. Tungeanza kufunga siku moja baadaye. Kwa hiyo jioni nilikuwa nakaanga maandazi bila wasiwasi, nikitazama dirishani. Dunia ilikuwa imekaa juu ya ukingo, buluu, nzima, imejaa kama sinia la pilau. Kwa saa za Mtondooni jua lilikuwa linatua.

Safu ya kwanza ya vioo ikalala. Halafu ya pili. Halafu uwanja mzima, bila sauti, kama jamaa wanaorukuu kwa pamoja. Pale palipokuwa na lami pakawa shaba iliyoyeyuka, nikaziba macho kwa kiganja chenye unga.

Simu ikalia. Mize alikuwa na furaha kama binti. Alisema umeandama, mwembamba kama wembe, na kwamba miaka hii tulikuwa tumeufubaza lakini leo ni mzuri, tumpongeze aliyeusafisha. Kisha akakata, akashuka kumwambia shekhe.

Nilitoka jikoni na mwiko mkononi. Haroub alikuwa kwenye meza yake, kidole bado kiko juu ya kitufe, anatabasamu huku machozi yanamtoka.

"Asubuhi uliniambia leo hauonekani," nikamwambia.

"Hauonekani kwa vumbi, mama mdogo."

Nilivuta kiti. Akanieleza yote, kama mtoto aliyekuwa akisubiri kuulizwa. Mwaka uliopita mama yake alimwambia kwenye simu kwamba mwezi umekuwa uzi, kwamba anapanda juu ya dari anakodoa mpaka machozi yanamtoka, na kwamba watu wake walioko huko juu wameuharibu. Aliyasema kwa mzaha, lakini mwisho wa mzaha sauti ilimkatika. Na Haroub ndiye aliyeyatandika yale majamvi, kwa mikono yake. Alihisi ameingia chumbani kwa mama yake usiku na kumwibia taa. Basi alipopewa vioo, akamrudishia. Akamrudishia zaidi kidogo, na mapema kidogo, ili asikodoe.

Nilimwuliza kama mwanga huo unakwenda juu ya dari ya Mize peke yake. Haroub anaweza kuvunja sheria, lakini kusema uongo wa kifundi hawezi. Alisema mwanga wa kioo hutanuka njiani. Unaondoka hapa ukiwa na upana wa paa, unafika kule umefunika kuanzia Mogadishu mpaka Msumbiji, na bara mpaka ng'ambo ya maziwa makuu.

"Umemwashia mama yako," nikamwambia, "umewafungisha watu nusu ya Afrika."

Alijitetea kwa lile sufuria. Kweli, alilichukua sufuria langu na kunipiga nalo.

"Mama mdogo, mwezi haujawahi kuwa na nuru yake. Tangu Adam ni jua, linagonga kitu linarudi. Jana liligonga vumbi, leo limegonga kioo. Jua ni lile lile, mahali ni pale pale. Tofauti iko wapi?"

Nilirudi jikoni, maandazi yalikuwa yameungua, nikayageuza ingawa hayakuwa na haja ya kugeuzwa tena. Kisha nikalipata jibu, nikatoa kichwa mlangoni.

"Tofauti," nikasema, "ni kwamba vumbi halina mama."

*

Tulifunga kesho yake pamoja na mji, na pamoja na pwani nzima.

Nilikuwa na njia mbili, na zote zilikuwa na miiba. Ningemwambia shekhe, Haroub angefukuzwa kazi na kurudishwa duniani kama mzigo ulioharibika, na Mize angekuwa kichekesho: jicho la mji lililoshuhudia kioo cha mwanawe. Asingepanda tena ile dari. Kumnyang'anya Mize dari ni kama kumng'oa mlango. Nisiposema, basi watu wanaoamka usiku kupika daku, wagonjwa wanaojikaza, wazee wenzangu, wote wangekuwa wanaongozwa kwa kitufe na hawajui.

Nilijidanganya kwa hoja moja iliyonipa usingizi kwa siku chache. Nilisema kufunga siku ya ziada hakujamuua mtu. Lakini mtihani wa Ramadhani haukuwa mwanzo, ulikuwa mwisho. Haroub akiuwasha mapema tena, pembe itapulizwa, mji utapika, watu watavaa nguo mpya na kula mchana kweupe katika siku ambayo ni ya kufunga. Hilo sikuweza kulibeba, hata kwa sehemu ya sita ya uzito wake.

Nikamwita Haroub. Nikamwambia jioni ya ishirini na tisa atakuwa jikoni kwangu akinikandia unga, mikono yote miwili ndani ya bakuli, na vioo vitabaki vimeipa dunia kisogo. La sivyo nampigia shekhe mimi mwenyewe, na nitaanza na salamu ndefu ili Haroub apate muda wa kunizuia akitaka.

Alinisihi. Alisema mama yake atapanda, hataona kitu, atashuka mikono mitupu mbele ya mji mzima. Atajiona amezeeka.

"Amezeeka," nikamwambia. "Na mimi nimezeeka. Hakuna aliyetugeuzia vioo ili tusijue."

Alikubali bila kunitazama. Ila kwa kumfariji mama yake alimtumia zawadi ya Idi mapema, simu mpya, nzuri, ile inayojiwashia picha yenyewe bila mtu kuhangaika na vitufe.

*

Jioni ilipofika alikuja kweli. Nikampa bakuli, nikampa unga mwingi kuliko niliouhitaji, akakanda kama anayemkaba mtu. Unga ukapanda hewani ukatuzunguka. Nje vioo vilisimama vimegeuka upande mwengine, safu kwa safu, na kati yao lami ilikuwa lami. Nilitoka mara mbili kutazama meza ya vitufe. Mara ya pili alisema simwamini. Nikasema simwamini.

Alikuwa amenieleza kwamba mwezi wenyewe, kule kwao, umeambatana na jua kiasi cha kutua nalo karibu pamoja. Bila vioo, hakuna jicho la binadamu lingeuona. Mize angesema sikuona, mji ungetimiza thelathini, na jambo letu lingepita kama lisilokuwepo. Nilikwishaanza kuhisi nafuu. Nilifikia hata kumtania kwamba anakanda vizuri na Kampuni ikimfukuza nitamwajiri.

Simu ikalia. Nikaiegemeza kwenye mkebe wa chumvi.

Maneno kati ya mwezini na duniani huchukua kama pumzi moja kwenda na pumzi nyengine kurudi, kwa hiyo mtu hujifunza kungoja. Nikatoa salamu, nikangoja. Picha ikaja kwanza.

Dada yangu alikuwa amekaa kitako juu ya dari, miguu ameinyoosha, mgongo ameegemeza ukutani. Simu mpya alikuwa ameiweka mbele yake, juu ya mtungi nadhani. Nyuma ya kichwa chake, juu ya ukuta, anga ilikuwa nyekundu yote. Jua lilikuwa limetulia kisogoni mwake. Alikuwa akivuta tasbihi, na macho ameyafumba.

"Umeandama, Kazija," akasema. "Mwembamba, lakini upo. Umelala chali, pembe zimetazama juu, na ncha ya kulia imezidi kidogo. Nimesimama hapa nauangalia, sitaki hata kupepesa."

Haroub aliacha kukanda.

Sikumtazama. Niliogopa. Nilimtazama dada yangu, ambaye hakujua kuwa picha imewaka, na nikangoja aseme ni mzaha, kwa maana sisi ni watu wa mzaha. Badala yake alifumbua macho, akayaelekeza mahali ambapo simu haikuwepo. Yalikuwa meupe, yote mawili, kama utando wa maziwa yaliyopoa.

Mtoto wa jicho hauingii siku moja. Unakuja polepole, mwaka baada ya mwaka, mtu akisema moshi, akisema vumbi, akisema taa za siku hizi hafifu. Akisema mwezi umefubaa.

"Da Mize," nikamwambia, "umesimama umeelekea wapi?"

Pumzi ikaenda, pumzi ikarudi. Akajibu kwamba ameuelekea mwezi, angeelekea wapi, na kwamba anakata sasa kwa sababu shekhe anangoja.

"Dada, usishuke. Hii simu mpya imewasha picha. Umekaa, na jua liko nyuma yako."

Nikangoja pumzi moja, na ya pili. Nikangoja zaidi ya pale maneno yanapohitaji. Niliona yanavyomfika: tasbihi ikasimama vidoleni, mkono ukapapasa mbele taratibu mpaka ukaigusa simu, kidole gumba kikapita juu ya kioo chake kama kinachotafuta mahali pa kuifumba. Hakupapata.

Hakulia. Aliongea kwa sauti ya chini, ile tuliyokuwa tukiongea utotoni mama akiwa chumba cha pili. Alisema macho yalikwisha kabla ya majamvi yetu. Alisema alipopanda mara ya kwanza akakuta hakuna kitu, si mwezi, si mnazi wa jirani, alisema mwezi umefubaa, kwa sababu lile la kusema mimi nimefubaa halikutoka kinywani. Mwezi haukumkatalia. Baadaye watu wenyewe wakaanza kulalamika kuwa umefubaa, akaona Mungu kamsitiri. Miaka iliyofuata alipima kwa masikio, akasikiliza pembe za miji ya jirani upepo ukileta, akahesabu siku, akabahatisha. Mwanzo wa mwezi huu alibahatisha mapema, na pwani nzima ikamuunga mkono, watu wakamletea sahani za haluwa wakisema jicho la Mize halina mfano. Yeye mwenyewe alishituka kuliko wote.

"Sasa kwa nini na leo?" nikamwuliza.

Alisema mjini walikwishaanza kunong'ona kwamba kwa umri huo apande pamoja na msichana wa kumsaidia. Jicho likisema sikuona, linatafutiwa mwenzake. Kwa hiyo alikuwa ameamua tangu mchana kuwa leo ataona, na ataona vizuri.

Sikuwa na mzaha hata mmoja. Nilitafuta mfukoni, nikatafuta kila mahali.

"Nitashuka," akasema mwishoni. "Nitamwambia shekhe sikuona. Mtu hawezi kusema nimemdanganya." Akacheka kidogo, kicheko kile cha kwetu, kisha kikamponyoka. "Lakini Kazija, Haroub asijue. Huyu mtoto alikuja kunililia kwenye simu kwamba ameniharibia mwezi. Nilimwacha aamini. Niliona afadhali ajue mwezi wangu umeharibika kuliko ajue mama yake hamwoni hata yeye akija likizo. Naijua sura yake kwa mkono tu. Uko peke yako hapo?"

Niligeuka ndipo nikamtazama. Haroub alikuwa amesimama wima, mikono imetoka kwenye bakuli, unga unamzunguka kama wingu ambalo halijui lishuke wapi. Alikuwa amefumba mdomo kwa nguvu mpaka midomo imepotea. Akanitikisia kichwa, akinisihi.

"Niko peke yangu, dada," nikasema.

Haroub akapiga chafya.

Akaiminya nusu yake kwa kiwiko, lakini nusu ya kwanza ilikwishaondoka. Hakuna mtu aliyewahi kukimbiza sauti akaipata. Tulisimama tukitazamana, mimi na yeye, tukiihesabu inavyokwenda.

Kwenye picha, dada yangu aliinua uso. Akageuza sikio kidogo, kama mtu anayesikia hodi ya nyumbani kwake.

"Yarhamukallah, mwanangu," akasema.